Kila Sanduku na Nukta Zake

Kuna imani moja iliyoota mizizi katika madarasa ya kuchora huku kwetu kusini mwa Maniema, kuanzia Kasongo mpaka Kabambare. Walimu wanaishika, wazazi wanaikubali, na mafundi waliokwishatoka shule wanaendelea kuirudia: eti kuchora sanduku lililogeuzwa upande ni kazi ya wenye vipaji. Sanduku likikaa uso kwa uso na mchoraji, mwanafunzi yeyote analiweza. Ligeuze kidogo tu, kona moja ije mbele na pande mbili zikimbie nyuma, hapo darasa zima linapotea njia. Kuta zinapinda, kifuniko kinainuka kama kinataka kuruka, na mwalimu anafunga daftari akisema watoto hawa hawana jicho.

Jicho wanalo. Kilicho kibovu ni kanuni wanayopewa. Na ubovu wake haumo katika maoni yangu wala ya mtu mwingine. Unapimika kwa rula.

Kanuni yenyewe kila aliyepita darasani anaikumbuka. Vuta mstari wa upeo wa macho katikati ya karatasi. Tia nukta moja kwenye ukingo wa kushoto na nyingine kwenye ukingo wa kulia. Simamisha mstari wima, ndiyo kona ya sanduku iliyo karibu nawe. Toka juu na chini ya mstari huo, vuta mistari mpaka kwenye nukta zile mbili. Sanduku limepatikana. Ukitaka la pili, la tatu au la kumi, yote yaelekee kwenye nukta zile zile. Hivyo ndivyo inavyofundishwa, na hapo ndipo uongo ulipo: hakuna sheria ya macho inayoyalazimisha masanduku yote ya picha moja kukimbilia nukta mbili.

Asiyeamini aende mahali matofali yanapofyatuliwa. Huku kwetu hapakosekani. Nyumba nyingi zimejengwa kwa udongo wa kiwanja chake chenyewe. Tofali bichi hulazwa chini likauke, halafu hugeuzwa likasimamishwa kwa ubavu ili upepo ulipige upande wa pili. Katika kugeuzwa huko hakuna anayehangaika kuyanyoosha yote. Moja linafuata safu, la jirani limekaa mshazari, la tatu limeelekeza kona yake moja kwa moja kwako. Chuchumaa mbele ya matofali hayo, shika kijiti kilichonyooka mbele ya jicho moja, ukilaze juu ya ukingo wa tofali la kwanza kama unavyoonekana, ukifuatishe mpaka usawa wa macho yako. Labda kitakufikisha kwenye shina la mchikichi ulio mbali. Fanya hivyo kwa tofali la pili: kijiti kitakupeleka kwingine kabisa, pengine kwenye pembe ya nyumba ya jirani. La tatu nalo litakuwa na mahali pake. Matofali kumi yaliyogeuzwa kila moja kivyake yana nukta ishirini. Yote hukutana na upeo wa macho kwenye usawa mmoja, kwa sababu yote yamelala juu ya uwanja mmoja uliosawazika. Usawa ndio yanaoushiriki, nukta hayazishiriki.

Sababu yake si siri. Nukta ambako mistari ya sanduku hutokomea ni pale jicho linapoangukia ukilielekeza sambamba na mistari hiyo. Simama kwenye reli ya Kindu–Kongolo, pale Samba au Kibombo, utazame kule reli inakoelekea: vyuma viwili vinaonekana kukutana palepale macho yako yanapofika unapotazama sambamba navyo. Reli ikipinda mbele, kipande kile kilichopinda kinakutana mahali pengine. Hivyo basi, kila mwelekeo una nukta yake. Ukigeuza sanduku, umegeuza mwelekeo. Ukigeuza mwelekeo, umehamisha nukta. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi ageuze sanduku huku nukta zikibaki pale pale anamwamuru afanye jambo lisilowezekana, kisha anamkatia maksi kwa kutoliweza.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo yapata mwaka 1040, ndiye aliyefafanua katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba tunaona kwa mwanga unaosafiri kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye kitu hadi jichoni. Juu ya msingi kama huo Waitalia wa Florence walijenga kanuni zao: Brunelleschi akafanya majaribio yake mwanzoni mwa karne ya 15, Alberti akaandika mwaka 1435. Mwaka 1600 Guidobaldo del Monte alichapisha vitabu sita vya perspektivu, yaani elimu ya kuchora vitu kama jicho linavyoviona, akathibitisha kwa jometria kwamba kila kundi la mistari sambamba lina nukta yake ya kukutania. Mwaka 1715 Mwingereza Brook Taylor akaifanya kanuni hiyo iwe ya jumla, kwa mwelekeo wowote na bapa lolote. Kwa hiyo kanuni ya nukta mbili kwa masanduku yote imekwisha kukanushwa kwa zaidi ya miaka 400. Bado tunaifundisha.

Tuipime sasa kanuni hiyo kwa karatasi yenyewe. Karatasi ya A4 ikilazwa ina urefu wa sentimita 29.7. Tia nukta mbili kwenye kingo zake. Pande mbili za sanduku zinakutana kwa pembe mraba, kwa hiyo jicho linaloliona sanduku hilo lazima likae mahali ambapo nukta zile mbili zinaonekana kwa pembe mraba. Mahali hapo ni kwenye nusu duara ambayo kipenyo chake ni umbali kati ya nukta. Basi jicho haliwezi kuwa mbali na karatasi zaidi ya nusu ya 29.7, yaani sentimita 14.85. Nani anasoma karatasi kwa umbali wa chini ya shubiri moja? Mwanafunzi anaishika kwa sentimita 40, mwalimu anaitazama akiwa amesimama, na mchoro wote unaonekana umevutwa na kupindwa. Kwa desturi ya wachoraji, kilicho salama kutazamwa ni kile kisichotoka nje ya nyuzi 30 kila upande wa mahali jicho lilipoelekezwa. Kwa jicho la sentimita 14.85, duara hilo salama lina nusu kipenyo cha sentimita 8.6 tu. Chochote kilichochorwa nje yake, hata kama kila mstari umefika kwenye nukta yake kwa uaminifu, kitaonekana kimekosewa. Kifuniko kile kilichoinuka kama kinataka kuruka hakikuinuliwa na mkono wa mtoto. Kiliinuliwa na zile nukta mbili. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mwalimu akikosa kanuni husingizia kipaji.

Njia iliyo sahihi haihitaji kipaji wala chombo cha gharama. Inahitaji meza ya seremala, msumari, uzi na guni, ile ambayo mafundi wa huku huiita ekeri. Weka karatasi mezani, vuta mstari wa upeo wa macho na uuendeleze nje ya karatasi, pande zote mbili, kwa chaki juu ya meza. Kutoka katikati ya mstari huo, shuka chini sentimita 40, umbali ule ule ambao mchoro utatazamwa, na upigilie msumari. Msumari huo ndio jicho lako lililolazwa mezani. Sasa tegemeza kona ya ekeri kwenye msumari na uizungushe. Mikono yake miwili ni pande mbili za sanduku. Ukiigeuza ekeri vile sanduku lilivyogeuzwa, mikono hiyo, ikirefushwa kwa uzi ulionyooka, inakata mstari wa upeo wa macho mahali pawili. Hapo ndipo nukta za sanduku hilo zilipo.

Zungusha uone zinavyocheza. Sanduku likigeuzwa nyuzi 45, nukta zote mbili ziko sentimita 40 kutoka katikati, moja kila upande. Likigeuzwa nyuzi 30, moja inakaribia hadi sentimita 23.1 na nyingine inakimbia hadi 69.3. Kwa nyuzi 20 ni 14.6 na 109.9. Kwa nyuzi 10 ni 7.1 na takriban 227, yaani umekwisha kuivuka meza. Zidisha kila jozi: kila mara utapata 1600, ambayo ni 40 mara 40, ukiacha tofauti ndogo ya kukata desimali. Nukta moja haiwezi kusogea bila kuisukuma ile nyingine. Na likinyooka kabisa, nyuzi 0, nukta moja inaingia katikati na nyingine inatoweka moja kwa moja. Mistari ya mbele inabaki sambamba. Hilo ndilo sanduku la uso kwa uso ambalo kila mwanafunzi analiweza. Kwa hiyo hata ule mgawanyo wa vitabuni, perspektivu ya nukta moja huku na ya nukta mbili kule, kana kwamba ni elimu mbili, unamchanganya mwanafunzi bure. Ni sanduku moja linalozungushwa.

Baada ya hapo, kila sanduku jipya katika picha linapata ekeri yake: rudisha kona kwenye msumari ule ule, zungusha upya, pata jozi nyingine. Jicho halihami, mstari wa upeo wa macho hauhami, nukta zinahama. Sheria tatu, na darasa zima linaweza kuzishika katika asubuhi moja.

Najua majibu yatakayokuja, kwa maana yamezoeleka.

La kwanza: fundi hahitaji haya yote, anahitaji vipimo, na kwa vipimo perspektivu ya kavaliere inatosha. Ni kweli kavaliere ina kazi yake. Uso wa mbele unachorwa kwa vipimo vyake halisi, mistari ya kurudi nyuma inatupwa kwa nyuzi 45 na kufupishwa nusu, na mwashi anasoma kila kitu bila taabu. Siitupi. Lakini kavaliere inataka uso mmoja wa kitu umwelekee mtazamaji kikamilifu. Kabati la pembeni mwa chumba halikubali hivyo, wala kibaraza cha nyumba iliyojengwa mshazari na barabara. Na kuna mteja. Mtu aliyeko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, anayeagiza kabati kwa fundi wa Kasongo, hawezi kupanda na kushuka barabara ile kuangalia kazi. Anatumiwa mchoro kwa simu. Mchoro wa kavaliere unampa vipimo na unamnyima sura; mchoro wa nukta za kingoni unampa sura ya uongo. Aliyechorewa kwa ekeri na msumari anaona kabati atakalolipokea. Tena vipimo havipotei: tia bikari kwenye nukta ya sanduku, ifungue mpaka kwenye msumari, izungushe ikate mstari wa upeo wa macho, na hapo umepata nukta ya kupimia kina cha upande huo kwa sentimita kamili. Dai kwamba perspektivu haina vipimo linatolewa na watu ambao hawajaifikisha hatua hii.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu limevaa joho la utafiti. Mwaka 1960 William Hudson alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya Afrika Kusini. Aliwaonyesha wafanyakazi na wanafunzi picha za mistari mitupu: mwindaji ameinua mkuki, swala yuko karibu naye, na tembo amechorwa mdogo kuonyesha kwamba yuko mbali. Aliyesema mkuki unamwelekea tembo alihesabiwa kuwa haoni kina cha picha. Mwaka 1966 Segall, Campbell na Herskovits wakatoa kitabu kilichoipa nguvu nadharia kwamba watu waliokulia katika mazingira ya kiseremala, yenye kuta zilizonyooka na pembe mraba, huisoma mistari tofauti na waliokulia kwingine. Kutoka hapo, bila ya watafiti wenyewe kufika mbali hivyo, watu wakajifungia hitimisho: Mwafrika hakuzoea pembe mraba, basi perspektivu si yake.

Tuanze na Maniema yenyewe. Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare, mwaka 1869 na akakaa huko muda mrefu akiuguza miguu. Aliandika kwamba nyumba za Wamanyema ni za pembe nne, kuta zake za udongo uliopigwa vizuri, zimepangwa kwa mstari katika mitaa iliyonyooka, na mingi ya mitaa hiyo ikielekea mashariki na magharibi ili jua likaushe unyevu upesi. Mwaka 1893, majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis yalipoiteka Kasongo, daktari Mwingereza Hinde aliingia pamoja nayo. Katika kitabu chake cha mwaka 1897 anaeleza kwamba alikuta vitanda vya kuchongwa, na chumba alichokichukua yeye kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 14. Chumba kirefu kama hicho, ukisimama mlangoni, ni somo la perspektivu lililojengwa kwa udongo. Mtu akitaka kutuambia kwamba babu zetu hawakuishi kati ya pembe mraba, atafute mkoa mwingine.

Halafu tugeukie Ulaya. Wazungu waliishi katika nyumba za mawe za pembe mraba kwa karne na karne, na hata hivyo michoro yao ya kabla ya Brunelleschi imejaa meza zinazomwagika na viti ambavyo miguu yake inaelekea kila upande. Kama kukaa kati ya kuta zilizonyooka kungetosha, wasingemngoja Brunelleschi. Walichokosa ni kanuni, na siku walipoipata, wakachora. Kuhusu kipimo cha Hudson, Jahoda na McGurk waliwapima watoto wa Scotland na wa Ghana kwa namna nyingine, na mwaka 1974 wakachapisha ukosoaji wa matokeo yale. Picha ya mistari mitupu isiyo na kivuli wala udongo ni fumbo hata kwa aliyezoea vitabu. Kushindwa fumbo la mtu mmoja hakumfanyi mtu kuwa kipofu wa kina. Mpiga kasia wa mtumbwi wa Lualaba anayepima kwa jicho umbali wa gogo linaloteremka na maji angekufa zamani kama angekuwa na upofu huo.

La tatu ni jipya: simu na kompyuta zitachora, tusisumbuke. Zitachora, ndiyo, na zitachora kwa sheria hii hii. Ndani ya programu hizo kuna jicho, kuna umbali, na kila sanduku lina nukta zake. Anayejua sheria ataona mara moja kwamba kamera ya programu imewekwa karibu mno na jengo limevutwa. Asiyejua atampelekea mteja picha iliyopinda na kuapa kwamba mashine haikosei. Na kuna siku umeme haupo. Msumari hauhitaji chaji.

Kuna pingamizi moja tu ninaloliheshimu: nukta ikiangukia sentimita 227 nje ya katikati, darasani itawekwa wapi? Jibu ni kwamba haina haja ya kuwekwa. Sanduku lililogeuzwa kidogo namna hiyo lina mistari inayokaribia kuwa sambamba na upeo wa macho. Gawa kona ya mbele katika sehemu nne kati ya upeo wa macho na chini yake. Simamisha mstari mwingine wima ukingoni mwa karatasi, upunguze urefu wake kwa kiasi ambacho umbali wa nukta unataka, nao ugawe sehemu nne. Unganisha nne kwa nne. Mistari yote itaelekea kwenye nukta usiyoiona. Kwa mfano, kama ukingo wa karatasi uko sentimita 15 kutoka kwenye kona ya mbele iliyo katikati, urefu unapungua kwa 15 juu ya 227, yaani chini kidogo ya asilimia 7. Mwanafunzi wa darasa la hesabu za uwiano anaiweza hesabu hiyo. Kama haiwezi, tatizo liko kwenye somo la hesabu, wala halihusiani na kipaji cha kuchora.

Nafahamu kwa nini nukta za kingoni zimeng'ang'aniwa. Ni rahisi kuzieleza ubaoni, zinaingia kwenye karatasi, na mtihani unasahihishwa haraka: mstari umefika kwenye nukta, vema, haukufika, kosa. Lakini urahisi wa kusahihisha si ushahidi wa ukweli. Tumewaacha vijana wengi waamini kwamba wao ndio wenye kasoro, wakakimbia kuchora, wakakimbia na ufundi unaohitaji kuchora, huku kasoro ikiwa imepigwa chapa katika maelezo ya mwalimu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kuchora wa Kasongo na Kabambare jambo dogo. Futeni nukta mbili za kingoni. Leteni darasani matofali matatu yaliyogeuzwa kila moja kivyake, msumari mmoja, uzi na ekeri, na lipeni kila tofali nukta zake. Wanafunzi wakishindwa baada ya hapo, tutaketi tuzungumze kuhusu vipaji. Kabla ya hapo, hakuna mwenye haki ya kumwambia mtoto kwamba hana jicho.